Asali ya Mzinga wa Juu

Tabora, 4 Juni 2025

Mume wangu Mathias,

Najua barua hii itakukuta na moshi machoni, kwa hiyo naandika kwa herufi kubwa. Simu yako nimeipiga mpaka kidole kimechoka. Huko kambini mtandao haufiki, nami nina maneno yasiyoweza kungoja mpaka mmalize kurina asali mwezi wa nane.

Niko mjini, nyumbani kwa Bi Salme, mjane wa yule Mzee Mundhir aliyekuwa akinunua nta ya baba yako. Ijumaa nilikwenda zahanati ya Igalula kupimwa mimba kama kawaida. Muuguzi akaona vidoa vyekundu miguuni mwangu, vidogo kama nimechomwa sindano, vingi havihesabiki. Mimi nikacheka, nikamwambia ni joto. Yeye hakucheka. Alinitoa damu, akaandika karatasi, na siku hiyohiyo nikapandishwa gari kuja hospitali hapa Tabora.

Daktari anaitwa Advera. Amenieleza polepole mpaka nikaelewa. Ndani ya damu mna chembe sahani, kazi yake ni kuziba mahali panapovuja. Mtu mzima anazo mia na hamsini na zaidi, kwa hesabu yao ya hospitali. Mimi ninazo thelathini na moja. Mwili wangu wenyewe unazila, na kwa nini unazila hata yeye hajui. Siku ya kujifungua wanataka nisipungue hamsini, la sivyo damu inaweza kutoka isisimame. Na mtoto naye anaweza kuzaliwa na chembe chache.

Nimepewa vidonge, vinane kila asubuhi, na kila Jumanne napimwa. Nilimwuliza vitanisaidia? Akasema kuna wanawake wanaopanda kwa wiki moja na kuna wanaopanda leo na kuporomoka keshokutwa bila sababu. Hakutaka kuniahidi kitu. Ningependa angenidanganya kidogo.

Ninaogopa, Mathias. Meno nasugua kwa kitambaa. Bi Salme ameficha visu vyote, hata cha mkate, sasa tunakata mkate kwa mikono kama watoto. Kila nikikaa navihesabu vidoa, nikifika mia nachanganyikiwa naanza upya.

Mpe Baba shikamoo yangu. Haya ya damu usimsomee, naona aibu.

Mkeo,
Veneranda


Kambini, 11 Juni 2025

Mke wangu Veneranda,

Tumsifu Yesu Kristo. Silasi ameleta barua yako jana alipokuja na baiskeli kuchukua ndoo. Unajua hapa barua ni ya kambi nzima, ikifika watu wanakaa wasomewe. Nimewaambia ni salamu tu, nikaenda kuisoma nyuma ya mti wa mninga, mara tatu. Baba akaniuliza mbona salamu zimekuwa ndefu hivyo.

Kuna jambo sijawahi kukueleza lote. Unajua mama yangu, Martha, alifariki akijifungua, na mtoto hakupona. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimwuliza Baba kwa nini Mama amekufa. Akaniambia ni kwa sababu ya asali. Katika ukoo wetu asali ya kwanza ya msimu ni ya mwanamke mwenye mimba. Ailambe yeye kwanza, ndipo ndoo ziende sokoni, na baada ya hapo apate kijiko kila asubuhi mpaka ajifungue. Mwaka ule Baba alikuwa na haraka, akauza kabla Mama hajailamba. Damu ilimtoka Mama mpaka ikaisha. Tangu siku hiyo sijamwona Baba akifanya haraka kwa jambo lolote.

Kwa hiyo napeleka kwako kidumu cha lita tatu, mzinga wa kwanza niliofungua msimu huu. Kijiko kikubwa kila asubuhi kabla ya chochote. Usiruke hata siku moja. Vidonge ni kazi ya daktari, hii ni kazi yangu. Sitauza hata ndoo moja mpaka uniandikie kwamba umelamba. Wenzangu wananuna, waache wanune.

Ukisema nije, nitaacha mizinga nije.

Mumeo,
Mathias


Tabora, 18 Juni 2025

Mpenzi Mathias,

Nimelamba! Uza ndoo zako, wenzako wasije wakakupiga.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita namba ilikuwa thelathini na tatu, nikalia mbele ya dirisha la maabara, watu wakadhani nimefiwa. Jana nilikwenda magoti yanagongana. Yule kijana wa maabara akapitisha karatasi dirishani imegeuzwa, nikaogopa kuigeuza. Bi Salme akaninyang'anya akasoma kwa sauti hospitali nzima isikie: sitini na nne!

Vidoa vimefifia. Uso umejaa, mviringo kabisa, Bi Salme ananiita mwezi wa kumi na nne. Nakutumia picha tuliyopiga studio kwa Mhindi. Utanijua kwa lile gauni la kitenge, sura hutaijua.

Kijiko sijaruka. Nakilamba nikiwa nimesimama, nakuona wewe una miaka tisa, namwona mama yako. Bi Salme akiwa msikitini naongeza na cha pili, na sukari nimeiacha kabisa, chai natia asali yako. Usije. Maliza kazi, mtoto atahitaji baba mwenye kitu.

Wako,
Veneranda


Kambini, 27 Juni 2025

Mke wangu,

Picha yako imezunguka kambi nzima. Hii nimeisoma kwa sauti na sikuona aibu, isipokuwa pale pa magoti. Jinsi ulivyonawiri! Mashavu kama ya mke wa mkuu wa wilaya. Wanaume hapa wanasema Mathias, mkeo anakula raha mjini, wewe unakula moshi.

Sitini na nne. Nimeiandika kwa mkaa kwenye gome la mti ninapolala. Unaona sasa? Wiki ya kwanza vidonge peke yake, thelathini na tatu. Ilipofika asali, sitini na nne. Mimi si daktari lakini kuhesabu najua.

Basi ongeza. Viwe viwili asubuhi na kimoja jioni. Najua kidumu kitakwisha, ndiyo maana nataka kukupatia kingine kabla hujafika mwisho, tena si cha asali hii ya kawaida. Kuna mzinga mmoja alioutundika babu, juu kabisa ya mtondoo mkongwe, haujafunguliwa miaka minne. Asali yake ni nyeupe. Baba ananikataza, anasema mti ule umeoza moyoni. Baba siku hizi anaogopa hata kivuli cha mti.

Nitakuandikia nikishaushusha.

Mumeo,
Mathias


Tabora, 9 Julai 2025

Mpenzi Mathias,

Barua yako nimeipata. Vijiko vitatu nimeanza siku ileile.

Huku kuna kitu kidogo tu. Daktari amepima sukari akakuta iko juu sana. Akaniuliza kama nakula vitu vitamu. Nikasema hapana, na ni kweli: soda sinywi, biskuti sili, sukari kwenye chai nilishaacha. Akatikisa kichwa, akasema basi ni vile vidonge, kwa baadhi ya watu hupandisha sukari, na sukari ikizidi mtoto anadhurika. Amevipunguza kutoka vinane mpaka vitatu. Nimefurahi, maana usiku havinipi usingizi na vinanifanya nigombane na Bi Salme kuhusu chumvi.

Namba si mbaya. Hazijapanda kama mwanzo lakini si mbaya, usiziandike tena mtini.

Mtoto anacheza sana, hasa asubuhi nikishalamba. Ule mzinga wa juu kama Baba amekataza, uache. Hiki kidumu kinanitosha.

Wako,
Veneranda


Kambini, 16 Julai 2025

Mke wangu Veneranda,

Natumaini u mzima. Mimi mzima. Usishangae mwandiko, nyuki wameniuma mkono wa kulia ukavimba, nimeomba mtu anisaidie kuandika. Si kitu. Utapona siku chache hizi.

Asali ya mzinga wa juu bado. Endelea na hiyo uliyo nayo.

Kazi inaendelea vizuri. Tutachelewa kidogo kutoka. Usiwe na wasiwasi.

Mumeo,
Mathias


Tabora, 20 Julai 2025

Mathias,

Mwandiko ule naujua. Ni wa Baba, zile herufi zinazolalia upande mmoja alizofundishwa na mapadri. Na maneno si yako. Wewe hujawahi kuniandikia barua fupi hivyo hata siku ulipokuwa na malaria. Nyuki walishakuuma mpaka usoni na bado ukaniandikia kurasa mbili za mzaha. Kuna nini?

Mimi niko vizuri. Jumanne nilipata arobaini na kitu. Nimechoka kidogo, ni uzito wa tumbo. Hilo doa hapo pembeni ni chai, nilimwaga.

Nijibu kwa mkono wako, hata wa kushoto.

Veneranda


Tabora, 23 Julai 2025

Mwanangu Mathias,

Amani iwe juu yako. Anayekuandikia ni Bi Salme, kwa mkono wangu na macho yangu haya mabovu, kwa hiyo vumilia. Zamani babu zetu walipeleka barua kwa misafara kutoka hapa mpaka pwani, kwa miguu, na zilifika. Yenu kutoka Igalula inachukua siku tisa na baiskeli ipo. Silasi nimemkamata sokoni, nimemwambia hii akiichelewesha asikanyage mlango wangu.

Mkeo amelazwa tangu jana. Sitakuzungusha. Namba anazokuandikia si za kweli. Tarehe nane ilikuwa arobaini na saba. Tarehe kumi na tano ilikuwa ishirini na sita, naye akakuandikia arobaini na kitu. Jana ilikuwa kumi na moja. Pua ilianza kutoka damu Jumapili alipokuwa anakuandikia, akaniapia ni mafua. Jana asubuhi fizi zikatoka, na mkono wote una mabaka meusi ya damu iliyovilia kana kwamba nampiga. Majirani wananitazama vibaya, mimi mwanamke wa miaka sabini na mbili.

Sasa sikiliza na hili. Nilipokuwa nakusanya nguo zake nimekuta kidumu nyuma ya sanduku. Lita tatu, kimebaki kidole kimoja. Nikakibeba mpaka hospitali, nikakiweka juu ya meza ya daktari. Nikamwambia, mtoto huyu sukari hajaila, lakini hii ameila. Daktari Advera aliweka kalamu chini. Akamwuliza Veneranda mbona hakusema. Unajua alijibu nini? Alisema, "Daktari uliniuliza vitu vitamu. Hii ni dawa ya ukoo."

Hakusema uongo, maskini. Ndivyo mlivyomfundisha. Lakini sukari ile ilikuwa ya asali, au nyingi yake. Daktari akadhani ni vidonge, akavipunguza, na mwili wake ukapata nafasi ya kuzila zile chembe zote. Sikulaumu wewe. Namlaumu kila mtu kidogo, na mimi nikiwamo, niliyekaa naye nyumba moja nisijue anachokificha nyuma ya sanduku.

Vidonge vimerudishwa vinane. Kuna dawa nyingine ya kutundikwa kama maji, hapa haipo, imeagizwa Mwanza. Tunaisubiri. Daktari anasema mtoto akiamua kuja kabla haijafika, hajui.

Wewe uko wapi? Mkono umevimba, sawa. Miguu nayo imevimba? Njoo.

Bi Salme binti Darwesh


Kambini, 26 Julai 2025

Mkamwana wangu Veneranda,

Mwangaluka. Si desturi yetu baba mkwe kumwandikia mkamwana, tena habari za mwili. Mtanisamehe, wewe na wote waliotangulia. Barua ya Bi Salme nimeisoma mimi, maana Mathias alipoona mwandiko si wako alinipa.

Nilikuandikia uongo kwa mkono wangu tarehe kumi na sita. Mkono wa Mathias ni mzima. Ni mguu. Alipanda ule mti niliomkataza, tawi likakatika, akavunjika chini ya goti. Nimeufunga kwa magome ya mzinga na kamba, umenyooka. Alikataa kubebwa. Alisema ukisikia utashtuka na damu itatoka. Nami nilikubali, nikaandika.

Ile barua yako ya mwisho, doa lile si chai. Nimeona damu kavu maishani mwangu. Niliiona nikanyamaza, kila mtu hapa alikuwa ananyamaza kwa ajili ya mwenzake.

Sasa nikwambie nililopaswa kumwambia mwanangu kwa miaka ishirini na mbili. Nimemwambia jana. Martha aliilamba asali. Nilimpa mwenyewe kwa mkono wangu, asali ya kwanza, kabla ya ndoo kwenda popote, na kila asubuhi baada ya hapo. Hakuruka siku. Akafa vilevile. Damu ilitoka kama maji ya mfereji, na mkunga hakuwa na la kufanya, na hospitali ilikuwa mbali.

Mtoto wa miaka tisa akaniuliza kwa nini. Nikatafuta jibu ambalo ndani yake mna dawa, ili akiwa mkubwa awe na kitu cha kufanya mkewe akipata mimba. Nikajitia kosa mimi mwenyewe kwa sababu lilikuwa jepesi kubeba kuliko kutojua. Sikufikiri kwamba uongo ule utakuja kukaa nyuma ya sanduku lako.

Asali haina kosa, mwanangu, na haina uwezo. Usilambe tena. Mwambie daktari kila kitu unachotia kinywani, hata maji. Sisi tunamtoa Mathias leo kwa baiskeli ya Silasi mpaka Igalula.

Eustace, baba mkwe wako


Tabora, wodi ya wazazi, 3 Agosti 2025

Baba, shikamoo,

Na wewe Mathias, najua unasoma juu ya bega lake, au yeye anasoma juu ya lako.

Barua yako, Baba, nimeiweka chini ya mto. Nimelia, halafu nimekasirika, halafu nimelala saa nane mfululizo, kitu ambacho sijafanya tangu mwezi wa sita. Hasira sasa imekwisha. Imebaki hofu tu, na hiyo nimeshaizoea kidogo.

Dawa ya Mwanza ilifika Alhamisi ya tarehe ishirini na nne. Wametundika siku mbili. Jumanne namba ikawa sabini na nne. Nimeona, nimeigusa karatasi. Mimi nikataka kushangilia, daktari akanizuia. Anasema dawa hii inapandisha haraka na haikai, ni wiki mbili tatu, kisha inaweza kushuka kuliko ilipokuwa. Kwa hiyo hataki kungoja mtoto ajiamulie. Tarehe kumi na mbili wataanzisha uchungu, namba ikiwa hamsini na zaidi. Ikiwa chini sijui watafanya nini. Nilimwuliza, akasema tutaamua siku hiyo. Mathias, kila kitu hapa kinaamuliwa siku hiyo. Nimeanza kuchukia neno hilo.

Kuna jambo moja mnaweza kufanya. Wanataka damu mbichi iwe tayari siku yenyewe, maana chembe hizi hazihifadhiki zaidi ya siku tano. Kundi langu ni B. Nani kambini ana B? Sijui kama mnajua, lakini watu waje wapimwe.

Nikumbuke niseme ukweli wote, maana nimejifunza: usiku pua ilitoka damu tena, kidogo, ikakoma yenyewe. Sijala asali.

Mathias, mguu wako! Nilijua. Nilijua kwamba ni kitu. Ulipanda kwa ajili ya kidumu changu na mimi nilikuwa nakudanganya namba. Tukipona wote tutagombana vizuri.

Veneranda


Igalula, 7 Agosti 2025

Mke wangu,

Huu ni mkono wangu, uangalie. Mguu una plasta mpaka pajani, nimelala sebuleni kama gogo, na kila anayepita anagonga plasta ili asikie inavyolia.

Sijui niseme nini kuhusu asali. Nimeandika karatasi tatu nimechana. Nilikufanya ulambe kwa sababu ya mtoto wa miaka tisa. Yule mtoto alikuwa ananishika shati msituni kila siku, akiniuliza ameshalamba, ameshalamba. Baba aliponiambia ukweli nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Halafu nilimtazama. Mzee yule amebeba kosa ambalo hakulifanya ili mimi nipate usingizi. Nimeshindwa hata kumwonyesha hasira.

Bado naogopa sana. Zamani nilikuwa na kijiko. Sasa sina hata kijiko.

Lakini nina watu. Kambi imefungwa. Ndiyo, katikati ya msimu, mizinga arobaini bado iko juu. Sijawahi kusikia kitu hicho. Silasi anasimulia kwamba Baba alisimama asubuhi akasema tu, "Mkamwana wangu anahitaji damu," akaanza kuzima moto. Wanaume sita wanakuja na treni ya Jumapili, na mimi na plasta yangu na Baba ambaye hajaingia mjini miaka saba. Mwambie Bi Salme afungue madirisha, tunanuka moshi.

Baba amebeba chupa ndogo. Silasi alikwenda na kamba na watu watatu, wakaushusha ule mzinga wa juu bila mtu kupanda. Nilimwambia Baba tusije nayo. Akasema si ya Veneranda, ni ya mtoto, kuwekwa ulimini siku ya kwanza, hiyo nayo ni desturi na haina uongo ndani yake. Nimemwachia. Anahitaji kuja na kitu mkononi.

Nisubiri.

Mathias


Tabora, 20 Agosti 2025

Baba, shikamoo,

Najua umeondoka kurudi kambini, lakini Mathias anasema utakuwa umekaa njiani Igalula unasubiri habari. Basi hizi hapa, kwa mpangilio, na hakuna nilichokificha.

Asubuhi ya tarehe kumi na mbili namba ilikuwa hamsini na mbili. Mbili tu juu ya mstari. Daktari Advera aliisoma karatasi, akasema, "Tunakwenda." Nilijifungua kesho yake saa nne asubuhi. Wewe ulikuwa kwenye benchi la nje, nasikia walikukataa kutoa damu kwa ajili ya umri ukakaa palepale ukiwahesabu wenzako wakitoka na pamba mkononi. Damu ilitoka, Baba. Nitakwambia ukweli. Ilitoka zaidi ya kawaida na nikasikia sauti ya daktari inabadilika, na nilimwona Mama Martha kana kwamba nilimjua. Wakatundika mifuko miwili. Mmoja ulikuwa wa Silasi. Ikasimama. Mathias anasema sasa nitaanza kupenda baiskeli.

Mtoto ni wa kike. Siku ya kwanza namba yake themanini na nane. Siku ya tatu, baada ya wewe kuondoka, hamsini na nne. Zile siku sitaki kuzisimulia. Walimpima kichwa kwa mashine kutafuta kama damu imevuja ndani, Mathias amesimama kwa magongo mlangoni, rangi yake imekuwa ya majivu. Haikuvuja. Jana tumepata tisini na saba. Daktari anasema kwa watoto ikishaanza kupanda hivi mara nyingi haigeuki. Amesema mara nyingi. Hakusema daima, nami sikumwuliza.

Mimi nina thelathini na tisa na vidonge vyangu vinane. Tumeambiwa safari yangu bado ndefu, na Jumanne zitakuwa nyingi.

Sasa ile chupa yako. Juzi, mtoto alipotolewa kwenye chumba cha uangalizi, Mathias aliifungua. Asali ni nyeupe kweli, kama alivyoniandikia. Akachovya ncha ya kidole, akainama. Muuguzi mmoja, Mama Leonia, akapiga kelele mpaka wodi ikageuka. Asali haipewi mtoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja, alisema, hata tone, inaweza kumlemaza na kumwua. Kidole cha Mathias kilibaki hewani. Alinitazama, Baba, na nilimwona yule wa miaka tisa. Nikajua anataka nimwambie kwamba hakuna kitu kitatokea tukiiacha. Sikuweza kumwambia hivyo. Nilimwambia tu, "Ifunge."

Akakilamba kidole mwenyewe. Akaomba nta kwa Bi Salme, ipo nyumbani kwake tangu siku za Mzee Mundhir, ni nta yako. Jana Bi Salme akaileta wodini imeshayeyuka, kwenye sufuria ya kahawa. Mathias akaimimina juu ya kifuniko mpaka kisionekane. Halafu akabandika karatasi kwenye chupa, akashika kalamu, akaniuliza aandike tarehe ya leo au ya siku aliyozaliwa.

Nikamwambia hapana. Andika tarehe kumi na tatu, mwezi wa nane, mwaka elfu mbili na ishirini na sita.

Mwaka mzima, Baba, ni Jumanne hamsini na mbili. Akaiandika, kwa herufi kubwa, na chini yake akaandika ya nani: Martha.

Mkamwana wako,
Veneranda